Mnukamvua Umezaa

Lori la idara ya misitu lilikuwa tayari njiani, limejaa watu wa majembe, na Inspekta alijua kwamba likishafika hakuna atakayemwuliza maoni yake. Amri ilikuwa fupi. Vichaka vilivyo katika bustani ya Mkunga vikionekana kuwa ndivyo vilivyoibwa msituni, ving'olewe vyote leo hii, vipelekwe kituoni viwe vielelezo, na mwenye bustani afuatane navyo.

Alibisha mlango mara ya pili. Nyuma yake Konstebo alikuwa amekaza shingo, akimfuata kwa macho nyuki mmoja aliyezunguka kofia yake. Konstebo alikuwa mtu wa miraba minne. Aliwahi kuingia chumba chenye jambazi na panga bila kupepesa jicho, lakini nyuki mmoja tu alimtoa jasho.

"Usimpungie mkono," Inspekta alimwambia. "Atadhani unamwita."

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Watu walimwita Mkunga, kwa kuwa nusu ya mtaa ilipitia katika mikono ile ikiwa inalia. Sasa alikuwa amestaafu, mumewe amefariki, na kilichobaki cha kulea kilikuwa mimea. Alitazama sare ya Konstebo, akatazama uso wa Inspekta, akawakaribisha ndani bila kuuliza wamefuata nini.

Inspekta aliliweka hilo akilini. Mtu asiyejua kwa nini polisi wamemjia, neno lake la kwanza huwa ni kuuliza.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, uwanja mwembamba uliozungukwa na ukuta pande tatu. Chini ya wavu wa kivuli ilisimama safu ya vichaka vyenye kimo cha kifua, majani ya kijani kizito yenye mshipa mweupe katikati, na maua madogo yaliyokunjamana kama vitambaa vilivyokamuliwa. Huo ndio mnukamvua. Mawingu yakianza kukusanyika, maua yale hujifungua na kutoa harufu ya ardhi iliyolowa, kabla hata tone moja halijaanguka. Porini ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ndani ya msitu wa hifadhi. Na wiki ile walinzi wa msitu, ambao hufika pale mara chache, walikuta baadhi ya vichaka vya pale havipo, pamebaki mashimo yametanua midomo.

Inspekta alimwambia Mkunga yote hayo, akimchunguza usoni. Mkunga alisikiliza akiwa ameshika mkono mmoja kwa mwingine. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini habari ya vichaka vyake. Miaka mingi nyuma mti mkubwa uliuangukia mnukamvua mmoja kule chemchemi, tawi likavunjika. Bwana Misitu, yule mkuu wa hifadhi, alijua kwamba mama huyu ana mkono wa kulea. Akampa lile tawi pamoja na kibali. Vichaka vyote hivi vilitokana na tawi hilo moja, kipandikizi baada ya kipandikizi. Kibali kilimkataza kuuza. Kilimkataza kumpa mtu hata kijiti bila ofisi kujua, na kuchukua kitu kingine chochote msituni, hata mbegu. Tena akiuona mnukamvua mahali popote nje ya msitu, alitakiwa kutoa taarifa siku hiyohiyo.

"Na umeuona?" Inspekta aliuliza.

"Ninaiona hii yangu kila siku, mwanangu."

Jibu hilo lilipita pembeni kidogo ya swali. Inspekta hakulifuatilia. Alimwomba amwonyeshe jinsi anavyokata kipandikizi.

Mkunga alishusha pumzi. Alitoa mfukoni vipande viwili vya uzi wa kitambaa cheupe, akafunga tawi sehemu mbili, karibu karibu, kisha akakata katikati kwa kisu kidogo. Tone moja tu la utomvu mweupe lilitokeza, likaganda. Alisema mti huu ukikatwa hovyo huvuja mpaka unanyauka, ndiyo maana anaufunga hivyo. Hakufundishwa na mtu, ni mazoea ya kazi yake ya zamani.

"Kama kitovu," alisema Konstebo. "Na baadaye unakipiga kofi kilie?"

Mkunga alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Huu ukilia ndiyo umekufa, baba."

Inspekta alichagua kichaka mwenyewe, cha katikati ya safu, akaomba kifukuliwe ubavuni. Mkunga hakutaka jembe. Alipiga magoti akatumia kijiko cha kupakulia, akiondoa udongo kidogo kidogo, na kila mzizi ulipoonekana aliuzunguka kana kwamba anaogopa kuuamsha. Mizizi ilitoka shinani kama ndevu, myembamba, mingi, ikienda kila upande. Inspekta aliingiza vidole chini kabisa ya shina. Hapakuwa na mzizi mkuu.

Maana ya hilo aliijua kabla ya kuja. Mmea uliozaliwa na mbegu porini huzamisha mzizi mmoja mnene moja kwa moja chini. Kipandikizi hakina huo, kwa sababu kilianza maisha kikiwa tawi. Alifukulisha kingine mwishoni mwa safu, na hicho kikawa vilevile. Vichaka hivi havikutoka msituni.

"Basi tumemaliza, Afande," alisema Konstebo, akitazama mlango kwa hamu. Nyuki walikuwa wengi huku nyuma.

"Zunguka nyumba kwanza."

Konstebo alizunguka, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameshika kandambili mbili kwa ncha za vidole. Alizikuta kwenye mlango wa jikoni. Udongo wa bustani ya Mkunga ulikuwa mwekundu, wa mchanga mchanga. Kwenye kandambili palikuwa pameganda udongo mweusi, wenye vipande vya majani yaliyooza. Udongo wa namna ile haukuwepo mjini kote. Inspekta aliusugua kwa kidole, akaunusa. Jana alikuwa amesimama kando ya mashimo kule chemchemi, na udongo wake ulikuwa huu huu.

"Hizi ni zako, mama?"

"Ni zangu."

"Ulikwenda msituni lini?"

Mkunga aliinama kurudishia udongo kwenye mizizi aliyokuwa ameifunua, na hakuinua uso. Konstebo alimtupia Inspekta jicho lililosema kwamba kazi imekwisha. Alikuwa ameshaanza kupapasa pingu kiunoni.

Inspekta alimwashiria atulie. Jambo moja halikumwingia akilini. Kama mama huyu aliiba vichaka, viko wapi? Na kwa nini mtu mwenye bustani iliyojaa mnukamvua akaibe mnukamvua? Alianza kutembea tena kando ya safu, polepole, safari hii akitazama matawi. Kwenye vichaka vya upande wa mbele hakuona kitu. Alipofika karibu na ukuta wa nyuma alisimama. Nyuma ya majani, pale ambapo maua ya zamani yalipaswa kuwa yamepukutika, palikuwa na vikonyo vifupi, vibichi, vimekatwa kwa ukucha. Vingine vilikuwa bado na utomvu. Kitu kilichumwa hapa, na si ua, maana vikonyo vilikuwa vinene.

Alitoka hadi barazani, akampigia simu Bwana Misitu. Mkuu huyo alikuwa ndani ya lori, na injini ilinguruma hata ikawabidi wote wawili wapaze sauti. Inspekta alimwuliza kama vichaka vya Mkunga huzaa matunda.

"Havizai," alijibu. "Haviwezi. Vyote vile ni tawi moja, ni sawa na mwili mmoja. Mnukamvua hauzai na nafsi yake. Mpaka nyuki amletee vumbi la ua la mwingine, asiye wa shina lake. Na kutoka chemchemi mpaka hapo mjini hakuna nyuki wa kufika. Kwa nini unauliza?"

Inspekta alimjibu kwamba anauliza tu. Akamwomba wasiende mbio.

"Lori hili halijui kwenda mbio, Inspekta."

Alipokata simu alibaki ameshika nguzo ya baraza. Kwa miaka yote hiyo maua yalikuwa yanachanua na kupukutika bure. Msimu huu yamezaa. Basi kuna mnukamvua mwingine, wa porini, karibu kiasi cha nyuki kwenda na kurudi. Na vimezaa vichaka vya upande wa ukuta wa nyuma tu. Na mama huyu ameyachuma matunda yote moja moja, akijua vizuri kuliko mtu yeyote yana maana gani.

Alirudi bustanini akamwuliza nani aliyachuma. Mkunga alisema ni ndege.

"Ndege hula tunda lililoiva, mama. Haya yalichumwa mabichi. Na ndege hana ukucha wa kubana kikonyo kwa unadhifu hivi."

Mkunga alichukua udongo kiganjani, akakandamiza tena shina alilokwisha kulifukia.

Sauti ya tatu ilitoka ukutani. Mzee mmoja alikuwa ameegemeza kidevu juu ya ukuta wa upande wa kushoto, na kwa jinsi alivyoyumba ilikuwa wazi kwamba amesimama juu ya ndoo. Alikuwa jirani. Mtaa ulimwita Redio, kwa sababu huanza kusema alfajiri na hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia. Ndiye aliyepiga simu kituoni. Wala hakuficha. Alieleza kwamba nyuki wa mama huyu huingia katika chai yake kila siku, amelalamika mpaka amechoka, na sasa ni wakati wa serikali kusikia.

Konstebo alimwelekea kwa huruma ya kweli kuhusu suala la nyuki, lakini Inspekta aliuliza aliona nini. Redio alisema kila asubuhi, wiki hii yote, jirani yake hupita kwenye kile kilango cha ukuta wa nyuma akiwa na magunia yaliyolowa na ndoo ya maji. Hurudi na mikono myeusi. Eti anakwenda kwa bintiye kumwagilia mchicha.

"Afande," alisema Redio, akiteremsha sauti, nayo bado ilifika kila mahali, "mtu anayemwagilia mchicha hatazami nyuma kila hatua."

Inspekta alikigeukia kilango. Mkunga alikuwa ameshasimama mbele yake. Hakunyoosha mikono kumzuia mtu. Alisimama tu.

"Binti yangu ni mjamzito," alisema. "Siku zake zimefika. Msimshtue. Kama kuna la kusema tuliseme hapa."

"Nitaingia taratibu, mama."

Ng'ambo ya ukuta palikuwa na uwanja mpana zaidi, umejaa vyungu vya maua, viroba vya saruji, bomba lililoviringishwa na toroli lililoegeshwa kichwa chini. Huku ndiko alikoishi binti wa Mkunga na mumewe, fundi wa bustani. Fundi alitengeneza bustani za watu wenye nyumba kubwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akinoa mkasi wa kupogolea. Alipowaona aliinuka haraka, akamwamkia mama mkwe wake kwa heshima, akawaamkia wageni, akauliza kama awaletee viti. Mkewe alitokeza mlangoni ameshika kiuno, tumbo limetangulia.

Inspekta alimwuliza Fundi maswali mepesi. Kazi inakwendaje, wateja wanatoka wapi. Alijibu vizuri, ila mkono wake haukuacha kunoa mkasi uliokwisha kunoleka. Mnukamvua aliufahamu, alisema, ni ule wa mama. Mwingine hajawahi kuuona.

"Afande," alisema Konstebo kwa sauti nyembamba isiyomfaa. Alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. "Wanaingia pale."

Alinyoosha kidole. Kila mtu alikuwa akimtazama Fundi, lakini Konstebo alikuwa akitazama nyuki, kama kawaida yake. Walipita juu ya uwanja mmoja mmoja, wakazunguka tangi la maji, wakapotea nyuma yake.

Inspekta aliwafuata.

Nyuma ya tangi, ndani ya mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu, vilikuwepo vichaka vya porini. Majani yalikuwa yamenywea, mengine manjano. Lakini mtu alikuwa amehangaika navyo. Magunia mabichi yalitandwa juu kuvikinga na jua, udongo mweusi wa chemchemi ulikuwa umelowa, matawi yaliyokufa yalikuwa yamepunguzwa. Na kila mahali tawi lilipokatwa palikuwa na uzi wa kitambaa cheupe uliofungwa sehemu mbili.

Konstebo aliziona nyuzi, akatoa pingu.

"Ni mimi," alisema Mkunga nyuma yao. Alikuwa amewafuata bila wao kumsikia. "Mkwe wangu hajui lolote. Nilivileta hapa kwa kuwa kwangu nafasi imejaa. Niandikeni mimi."

Binti yake alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga mwiba. Fundi alikuwa ameganda, mkasi mkononi, akitazama chini.

Inspekta alichuchumaa kando ya pipa la kwanza, akachimbua kwa vidole hadi akaukuta mzizi mkuu. Ulikuwa umekatwa kwa panga, kwa mapigo mawili au matatu ya pupa, umechanika kama kuni. Akamwomba Mkunga asogee autazame. Mkunga aliutazama, na uso wake ukajikunja kabla hajauzuia.

"Huku juu umefunga nyuzi kila tawi," Inspekta alisema. "Huku chini umekata kama mtu anayepasua kuni. Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka."

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Vichaka vizito hivi, peke yako."

"Nina mikono, mwanangu. Umeiona."

Inspekta aliinuka, akapangusa mikono. Aliuliza swali lililofuata kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujaza nafasi iliyobaki wazi kwenye maelezo.

"Mashimo ulifukia na nini?"

Mkunga alijibu bila kusita. Lilikuwa swali la kwanza tangu mchana ambalo halikumtisha. "Na udongo wake uleule, na majani juu. Shimo haliachwi wazi. Mizizi ya majirani itakauka."

Konstebo aliteremsha pingu. Yeye pia alikuwa amesimama pale chemchemi jana. Ndiye aliyetumbukia mguu mpaka gotini katika mojawapo ya mashimo yale, akatoa maneno ambayo hakuyaandika kwenye taarifa.

"Hayakufukiwa, mama," Inspekta alisema. "Hata moja. Aliyechimba aliyaacha yakiwa wazi akaondoka. Wewe hukuwepo."

Mkunga alitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti. Kisha akakaa chini, palepale kwenye udongo, kandokando ya pipa. Alisema aliyaona matunda kwanza. Alifurahi mpaka akalia, kisha akaelewa, na furaha ikamtoka. Aliwatazama nyuki wanakokwenda, akavikuta vichaka hivi vikifa kwa kiu. Hakuwa na moyo wa kuvitazama vife wala wa kumpeleka mtu polisi. Matunda yalikuwa jikoni kwake, ndani ya kopo lenye mchanga wa unyevu. Hakuweza kuyatupa.

Inspekta alimgeukia Fundi, akangoja. Alikuwa amejifunza zamani kwamba kuna watu wasiohitaji swali, wanahitaji tu nafasi.

Lakini aliyesema si Fundi.

"Usimwache mama yangu akubebee," alisema mkewe kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Mtoto huyu atauliza siku moja. Nimwambie nini?"

Fundi aliweka mkasi chini. Aliyasema yote akiwa amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Mteja mmoja alitaka bustani yenye mmea ambao hakuna mwingine anao. Fundi alimwomba mama mkwe vipandikizi, na mama akamwambia waende wote ofisini wakaombe ruhusa, wakipewa asubiri mvua mbili vishike mizizi. Mteja hakuwa mtu wa kusubiri hata mvua moja. Basi alichukua toroli na panga. Alidhani mizizi ikikatwa itaota mingine. Vilipoanza kunyauka mteja alivikataa, na yeye akabaki navyo, hawezi kuvirudisha wala kuvitupa. Siku moja alikuta magunia mabichi yametandwa juu yake. Alijua ni nani. Mama mkwe hakumwambia neno, naye hakumwambia neno. Walikuwa wakila kwenye meza moja.

Inspekta alitaka jina la mteja na nyumba yake. Alilipata. Hapo kesi ilikuwa imehama mtaa, na kesho ingempeleka kwa mteja huyo, kwenye lango kubwa lenye mlinzi. Konstebo alimshika Fundi mkono, bila kumkaba. Fundi alimtazama mkewe, mkewe akatazama pembeni.

Ndipo lori likasikika, likikohoa mwanzoni mwa mtaa.

Bwana Misitu alishuka akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Watu wake walishuka na majembe. Alioneshwa mapipa, akapiga goti, akashika jani moja na kuligeuza. Kisha alisema hivi vya porini haviwezi kusafiri kwa lori. Vikitikiswa tena vimekufa. Na vya mama havina kosa. Lakini kuna jambo la kibali. Aliuliza kama ni kweli kwamba mwenye kibali aliviona hivi na hakutoa taarifa.

Mkunga, akiwa bado chini, alimtazama Inspekta. "Utaliandika hilo?"

"Nitaliandika, mama."

"Sawa. Ndivyo ilivyokuwa."

Bwana Misitu alivua kofia, akaivaa tena. Alieleza, akionekana kuchukia kila neno, kwamba kibali chake kimeanguka tangu saa hii, na mnukamvua hauruhusiwi kukaa mahali pasipo na mwenye kibali. Vya bustani itabidi ving'olewe vipelekwe idarani. Kule hakuna kivuli wala mtu wa kuvitunza. Vitaishi au havitaishi. Hivi vya porini atajaribu kuweka mlinzi, ila mlinzi anajua kulinda, hajui kulea. Isipokuwa, alisema, apatikane mtu mwingine wa nyumba hizi, mtu mzima asiye na doa katika jambo hili, aweke sahihi na kuvibeba vyote shingoni mwake. Aliangaza huku na huku. Redio, ambaye ndoo yake ilikuwa imehamia kwenye ukuta wake wa nyuma, alikumbuka ghafla kwamba ana chungu jikoni.

Watu wa majembe walipita kwenye kilango kuingia bustanini. Mkunga alisikia jembe la kwanza likigonga ardhi, akafumba macho.

"Waambie waache," alisema binti yake.

Alikuwa ametoka mlangoni. Alitembea polepole kwa sababu ya tumbo, akapita mbele ya mumewe bila kumgusa, akapita mbele ya mama yake, akasimama karibu na Bwana Misitu akanyoosha mkono kutaka kalamu.

"Mimi sivipendi," alimwambia. "Ieleweke hivyo. Toka nikiwa mdogo mama yangu hana macho ila kwa vichaka, na sasa vimenichukulia mume. Lakini sitaki majembe kule. Niandike mimi."

Bwana Misitu alimwuliza kama anafahamu uzito wake. Mwenye kibali ndiye atakayejibu vikifa, ndiye atakayejibu likikosekana hata jani moja. Na mama yake, kuanzia leo, hana ruhusa ya kuvigusa bila mwenye kibali kumwamuru. Binti alisema amesikia. Aliweka sahihi juu ya mgongo wa pipa, kalamu ikitoboa karatasi. Bwana Misitu aliwaita watu wake. Majembe yakarudi kwenye lori moja moja.

Konstebo alimpitisha Fundi kuelekea gari. Inspekta alipaswa kuwafuata, lakini alibaki kidogo. Mwanamke kijana alikuwa amechukua ndoo, akaijaza kwenye bomba la tangi, akasimama nayo mbele ya mapipa, imemlemea upande mmoja. Alitazama udongo. Alimtazama Bwana Misitu, aliyekuwa ameshaanza kupanda lori. Alimtazama Inspekta.

"Yanatakiwa maji kiasi gani?" alimwuliza.

"Sijui," alisema Inspekta. Ilikuwa kweli.

Mkunga alikuwa palepale chini, hatua moja tu kutoka kwenye ndoo. Alikuwa ameinua kichwa. Midomo yake ilitaka kusema, naye akaibana, akaweka mikono yake mikubwa nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa.

Binti aliendelea kuitazama ndoo. Maji yalikuwa yanacheza, yakimwagika kidogo kidogo miguuni pake. Upepo ulipita juu ya ukuta, gunia moja likainuka upande, na jua likapiga majani. Mwanamke yule alivuta pumzi, akalirudisha gunia mahali pake kwa mkono wa kushoto. Ilichukua muda.

"Mama," alisema mwishowe, bado hajamtazama. "Niambie. Kiasi gani?"